TAHARIRI: NYAVU TUPU NA NYAVU ZILIZOJAA



Sisi tuishio Butimba hatuhitaji kufundishwa maana ya kupanda na kushuka. Ziwa hutufundisha kila siku. Jioni mtumbwi hutoka na matumaini. Alfajiri hurudi ama umejaa ama mtupu. Kwa hiyo habari ya Simoni Petro kandoni mwa ziwa la Genesareti kwetu ni kama habari ya jirani. Alikesha usiku kucha asipate kitu. Kisha, kwa neno la Bwana, alishusha nyavu tena, na vyombo viwili vikajaa hata vikakaribia kuzama. Tuzingatie kwamba Bwana aliingia chomboni kabla ya samaki. Petro alipokosa, alisikiliza; alipopata, aliwaita wenzake, kisha akapiga magoti na kukiri udhaifu wake.

Je, sisi tumefanya nini na nyavu zetu?

Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alileta neema kubwa Mwanza katika miaka ya 1990. Viwanda vilijengwa, na minofu ikasafirishwa kwa ndege hadi Ulaya. Wapo waliojenga nyumba na kusomesha watoto, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini wapo waliodhani kwamba neema ile haina mwisho. Fedha iliishia katika pombe, Jumapili ikasahauliwa, na jirani maskini akabaki kununua mapanki, mifupa iliyokwisha kutolewa minofu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga soko kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu, wengi walijikuta hawana akiba wala mazoea ya sala. Kushiba kulikuwa kumeijaribu imani yao kabla njaa haijaijaribu.

Na nyavu zinapokuwa tupu? Tuseme ukweli kwa uchungu. Katika Kanda yetu ya Ziwa, wapo wanaotoka Misani asubuhi na kwenda kwa mpiga ramli usiku. Ramli humtafuta wa kulaumiwa, na mara nyingi humpata bibi kizee mwenye macho mekundu, ambaye wekundu huo ameupata kwa moshi wa kuni alizowapikia wajukuu. Tangu miaka ya 2006 na 2007 ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, wauaji wakidanganywa kwamba viungo vyao vitaleta samaki na dhahabu. Anayetafuta bahati kwa damu ya mwenzake amekwisha kumkana Kristo, hata kama jina lake limo katika daftari la ubatizo.

Lipo pia jaribu la tatu, nalo huvaa vazi la uchaji. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Mamia ya watu walipotea, na wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, nacho kikiwa kimejaa kupita uwezo wake, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kaburini tulisema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli, haina. Lakini kujaza chombo kupita kiasi si kazi ya Mungu. Ni kazi ya mwanadamu, na ina makosa. Ayubu alimlilia Mungu kwa sauti kubwa, wala hakuhesabiwa kuwa ameasi. Imani haimkatazi mjane kuuliza ni kwa nini mumewe amekufa. Humpa nguvu ya kuuliza bila kuchoka na bila chuki.

Basi, viongozi wa walei na wanajumuiya, tunawasihi mambo manne. Nyavu zikijaa, wekeni akiba, na fungu la kwanza liwe la wajane na yatima. Zikiwa tupu, msikubali ramli, wala msikae kimya mzee au mtu mwenye ualbino anapotishwa; toeni taarifa mapema. Chombo kikijaa kupita kiasi, kataeni kupanda, na mwambieni nahodha wazi. Na kwa kuwa Gereza la Butimba liko mlangoni petu, msiwasahau waliomo, ambao kushuka kwao hakuna anayekushuhudia. Watembeleeni, kwa maana Kristo alisema yumo miongoni mwao.

Hatukuahidiwa ziwa lisilo na mawimbi. Tuliahidiwa Bwana ambaye hatashuka chomboni. Naye abariki nyavu zenu zikijaa, na mioyo yenu zikiwa tupu.