Surua Huufuta Ujuzi wa Mwili

Mwaka 1846 maradhi ya surua yaliingia katika visiwa vya Faroe, vilivyo mbali baharini kaskazini ya Uingereza, na katika wakazi wapatao 7,800 zaidi ya 6,000 waliugua kwa muda wa miezi michache tu. Serikali ya Denmark ikampeleka huko tabibu kijana, Peter Ludvig Panum, naye akaona jambo la kustaajabisha: wazee waliowahi kuugua surua mwaka 1781, yaani miaka 65 nyuma, walikaa salama katikati ya wagonjwa, wala hakupata hata mmoja wao aliyeshikwa mara ya pili.

Siri ya wazee wale ni kwamba kinga ya mwili hujifunza. Kijidudu kikipenya ngozi, au utando wa pua na koo, hukutana kwanza na chembe nyeupe za damu zilizo tayari kukimeza bila kujali asili yake. Na huko ndiko zitokako homa, uvimbe na usaha, mambo tuyachukiayo ambayo aghalabu ni dalili za ulinzi. Baada ya siku kadhaa huja chembe nyingine, za polepole lakini zenye maarifa, zimtambuazo adui yule yule mmoja: baadhi huziua chembe za mwili alimojificha, na baadhi hutengeneza kingamwili za kumnasa. Maradhi yakiisha nyingi hufa, bali chache husalia katika uboho wa mifupa na katika tezi, mithili ya daftari la mwenye duka ambamo jina la mdeni halifutiki, na adui arudipo hutambuliwa mara moja.

Hapo ndipo ionekanapo hila ya surua. Virusi vyake huziingia hasa chembe zile zitunzazo kumbukumbu na kuziangamiza. Vipele hunyauka, macho hutakata, wazazi humshukuru Mungu, kumbe mengi ambayo mwili wa mtoto ulijifunza kwa taabu juu ya vichomi, mafua na maradhi ya tumbo yamekwisha kupotea. Mwaka 2019 wataalamu waliopima damu ya watoto 77 wa Uholanzi wasiochanjwa, kabla na baada ya kuugua surua, walikuta kwamba watoto hao wamepoteza baina ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao. Kwa miaka miwili au mitatu mtoto wa namna hiyo aweza kuangushwa na maradhi aliyokwisha kuyashinda, na akifa kwa kichomi, ni nani atakayekumbuka kuitaja surua?

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wale, na miongoni mwao wamo watu wenye akili na huruma, wasemao kuwa surua ni kawaida ya utoto, na kwamba kinga ipatikanayo kwa kuugua ni bora kuliko ile ya sindano. Ni kweli kwamba aliyeugua akapona huwa hashikwi tena na surua. Lakini thamani aliyoilipa ni kinga zake nyingine, na wako waliolipa kwa macho yao, au kwa uhai. Chanjo ina virusi vya surua vilivyodhoofishwa, ambavyo huufundisha mwili somo lile lile pasipo kuunyang'anya yale uliyokwisha kuyajua.

Katika Tanzania na Kenya chanjo ya kwanza hutolewa mtoto afikapo miezi 9, na ya pili miezi 18. Hii ya pili ndiyo ipuuzwayo, kwa kuwa mtoto amekwisha kutembea na safari za kliniki zimekoma. Ilhali katika watoto 100 waliochanjwa wakiwa na miezi 9, wapatao 15 hawapati kinga kwa chanjo ile moja. Nawasihi wazazi na walezi waitafute kadi ya mtoto, waisome, na wakiona mahali pa miezi 18 pako patupu, wampeleke wiki hii hii. Katika vituo vya serikali chanjo hiyo haina malipo, na mtoto aliyechelewa bado hupokelewa.