Aibu ya Faranga 36,000

Februari 1884, gazeti la Le Gaulois la Paris lilichapa hadithi fupi ya Guy de Maupassant iitwayo La Parure. Tangu hapo imesomeshwa mashuleni katika nchi nyingi, na kwa kawaida mwanafunzi hutoka darasani na fundisho moja: Mathilde Loisel alipenda makuu, tamaa ikamponza. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Basi, mjadala umefungwa. Toleo hili, tulilolitenga kwa ajili ya fahari na sura za uongo katika fasihi, linaanza kwa kuupinga usomaji huo.

Tamaa anayo, sikatai. Mumewe ni karani katika Wizara ya Elimu. Anapoleta mwaliko wa dhifa ya waziri, mke analia kwa kukosa cha kuvaa, naye mume anatoa faranga 400 alizokuwa akizidunduliza ili anunue bunduki ya kuwindia ndege pamoja na rafiki zake. Kidani cha almasi kinaazimwa kwa Madame Forestier, aliyesoma naye. Usiku ule Mathilde anawafunika wanawake wote. Hata waziri anamtupia jicho. Maupassant mwenyewe alikuwa karani wa serikali kwa miaka kadhaa kabla ya kuishi kwa kalamu, na ameiandika kwa ujuzi wa ndani kabisa njaa ya mtu wa mshahara mdogo anayepishana na wakubwa kila siku.

Lakini tazama kinachofuata dansi. Mume anamfunika mabegani kwa vazi lao la kila siku, naye Mathilde anatoka mbio asionwe na wanawake wenye makoti ya manyoya. Anasihiwa asubiri aitiwe gari, hataki. Wanateremka kuelekea mto Seine, wanapanda gari la farasi kuukuu walilolibahatisha njiani. Wanapofika nyumbani kidani hakipo, na nambari ya lile gari hakuna aliyeitazama. Jioni ya siku hiyo mume anamtungia barua ya kumwandikia rafikiye: kifungo kimevunjika, kimepelekwa kutengenezwa. Kwangu mimi, uongo huo mdogo ndio uliowafilisi. Wangesema tu kwamba kimepotea, wangepata nafasi ya kuambiwa mapema kwamba almasi zile zilikuwa bandia na kidani chote hakizidi faranga 500. Badala yake wananunua kingine Palais-Royal kwa faranga 36,000. Nusu ni urithi wa mume. Nusu nyingine ni mikopo, pamoja na ya wala riba. Kwa miaka kumi Mathilde anafua, anasugua masufuria, anapandisha maji ngazini, huku mumewe akinakili karatasi usiku kwa ujira mdogo.

Madame Forestier naye ana lake. Alikiazimisha kidani bila kusema ni cha namna gani, na kiliporudishwa hakufungua hata kasha. Wote watatu si watu wabaya. Wananyamaza tu, kila mmoja akilinda heshima yake, na hilo ndilo linalonitisha kuliko kilio cha Mathilde juu ya gauni.

Isomeni pamoja na Les Bijoux, aliyoiandika mwaka mmoja kabla. Karani Lantin, mgane, anapeleka kwa sonara mapambo ya marehemu mkewe akiamini ni ya bandia, anaambiwa ni vito halisi. Anatambua kwamba vililetwa na wanaume wengine, anazirai barabarani. Kesho yake anaviuza kwa faranga 196,000, anaacha kazi, na jioni hiyo hiyo anajigamba hotelini kwamba amerithi 400,000. Mathilde alilipa deni lote kwa mikono yake. Lantin alilipwa kwa kufumba macho. Anayetaka kuzifanya hadithi hizi mahubiri juu ya tamaa ya wanawake aanze kwa kutueleza ni kwa nini Maupassant alimpa fedha mwanamume huyu.