Kisiwa Hakiishii Ufukweni



Ndugu yetu mmoja aliyelelewa katika parokia hii, na ambaye sasa anafanya kazi Ulaya, alikwenda likizo katika kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibea, akatutumia picha. Zilikuwa nyingi, na karibu zote zilionyesha jambo lilelile: maji ya buluu, mchanga, minazi, na yeye mwenyewe amejinyoosha kitini. Tulifurahi kumwona amenenepa. Hata hivyo tulimwuliza: Je, ulifika Petit-Canal? Akajibu kwamba jina hilo hakulisikia.

Hatumlaumu. Sisi wenyewe hatujakanyaga huko, tunayoyajua tumeyasoma. Lakini tunaona kwamba Mkongo anayekwenda Guadeloupe na kurudi bila kuuliza habari za watu wake, amelipa nauli kubwa kwa ajili ya kuogelea tu, jambo ambalo angeweza kulifanya katika ziwa Tanganyika.

Petit-Canal ni mji mdogo upande wa Grande-Terre. Hapo pana ngazi ya mawe inayoanzia karibu na bandari na kupanda hadi kanisani; watu huiita ngazi ya watumwa. Kando yake yameandikwa majina ya mataifa ya Afrika yaliyonyang'anywa watoto wao, na mojawapo ni Kongo. Katika mji huohuo yamebaki magofu ya gereza la watumwa. Mti mkubwa umeota humo, na mizizi yake imezikumbatia kuta hata huwezi kujua kipi kinashikilia kipi.

Ngazi hiyo inafika mlangoni pa kanisa, na sisi tunaofundisha dini hatuna ruhusa ya kuuruka mlango huo. Sheria ya mfalme wa Ufaransa ya mwaka 1685, iliyoitwa Code Noir, iliamuru watumwa wabatizwe. Sheria hiyohiyo iliwahesabu kuwa mali ya kurithiwa kama vyombo vya nyumba. Padri Labat, Mdominiko, alisimamia huko Martinique shamba la miwa la shirika lake, lililolimwa na watumwa, na hadi leo mnara mmoja wa Baillif, Guadeloupe, unaitwa kwa jina lake. Papa Gregori XVI alilaani biashara ya watumwa mwaka 1839. Kijana akituuliza kwa nini sauti hiyo ilikawia hivyo, tusimfunge kinywa. Swali lake ni halali.

Wako watakaosema: likizo ni ya kupumzika, mbona mwatulisha huzuni? Tunajibu kwamba habari za kisiwa hiki si huzuni tupu. Mwaka 1794 Ufaransa iliwatangaza watumwa kuwa huru. Mwaka 1802 Bonaparte akatuma jeshi kurudisha hali ya zamani. Louis Delgrès na wenzake mamia, walipozingirwa Matouba tarehe 28 Mei, walijilipua kwa baruti kuliko kurudi utumwani. Mwanamke aitwaye Solitude, aliyekuwa pamoja na wapiganaji akiwa mja mzito, alinyongwa mwezi Novemba mwaka huohuo baada ya kujifungua. Uhuru ulipatikana tena mwaka 1848. Na ngoma ambayo wazee wao waliipiga, gwoka, imo tangu mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa wanadamu. Mgeni anayetaka kucheza na kufurahi, basi acheze hiyo!

Lakini jambo linalotugusa zaidi halimo katika matangazo ya watalii. Baada ya mwaka 1848 wenye mashamba walikosa mikono ya kukata miwa. Meli zikaja tena pwani ya Loango na kwenye mlango wa mto Kongo. Watu walinunuliwa, wakaambiwa kwamba wamekombolewa, kisha wakafungwa kwa mkataba wa miaka 10 ng'ambo ya bahari. Maelfu walipelekwa Guadeloupe na Martinique kwa njia hiyo, na wengi hawakurudi kamwe. Sisi wa mashariki tusiseme kwamba hao walikuwa watu wa magharibi, si wa kwetu. Nyangwe na Kasongo tunazijua, na tunajua misafara iliyotoka huko ilielekea wapi.

Huko Capesterre-Belle-Eau, katika nchi ya migomba, ipo familia moja ya wazao wa Wakongo hao. Kila mwaka, usiku wa Watakatifu Wote, hukusanyika kuwakumbuka mababu kwa ngoma na kwa nyimbo zenye maneno ya Kikongo. Desturi hiyo huitwa Grap a Kongo. Miaka zaidi ya 150 imepita, lugha imewatoka midomoni katika maisha ya kila siku, nyimbo zimebaki. Tunalinganisha na makaburi yetu wenyewe, ambayo Novemba baada ya Novemba nyasi zimeyafunika na hakuna kijana anayejua babu yake amelala upande gani. Tunaona haya kidogo.

Basi mwenye kaka au dada Ulaya anayepanga safari ya Guadeloupe amwambie apange siku zake vizuri. Siku moja aende Pointe-à-Pitre, kwenye jumba la kumbukumbu la Mémorial ACTe, lililofunguliwa mwaka 2015 mahali palipokuwa kiwanda cha sukari. Nyingine aende Petit-Canal, aipande ngazi kwa miguu yake. Akipelekwa kuonja pombe ya miwa, na watampeleka, aulize ni nani aliyekuwa akiikata miwa hiyo. Huko Capesterre asiende bila kualikwa, kwa maana ule usiku ni wa familia. Akibahatika kukaribishwa, aingie kama mtu anayeingia matangani: avue kofia, aiache simu mfukoni, angoje aonyeshwe mahali pa kukaa.