Kikombe cha Fedha na Inkongoro ya Bugeshi

Wapo wasemao kwamba ustaarabu wa taifa hupimwa kwa vyombo vyake. Tukubali, lakini kipimo na kiwe kimoja.

Kikombe cha kale cha fedha kikionekana Uingereza, wajuzi hukipindua na kuzisoma alama zake. Kichwa cha chui, kilichoamriwa na sheria ya mwaka 1300, huthibitisha usafi wa madini. Alama ya sonara humtambulisha aliyekifua. Herufi ya mwaka, iliyoanza London mwaka 1478, hutaja wakati. Kikiwa na nembo ya ukoo, wosia na hati za mirathi hupekuliwa mpaka wenyewe wajulikane, babu hata mjukuu.

Sasa tuitazame inkongoro, chombo cha mbao ambacho Wanyarwanda hunywea maziwa. Mwaka 1907 na 1908 msafara wa Duki Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipita Rwanda na kuichunguza milima ya Virunga, ambayo Bugeshi iko miguuni pake, ukikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Ujerumani. Vyombo vya namna hiyo, huko Ulaya, mara nyingi vimeandikwa jina la nchi na la mkusanyaji. Aliyekichukua ana jina, aliyekinywea hana!

Tutajibiwa: mali bila daftari hupotea bila habari. Kweli, lakini nani kasema daftari ni karatasi tu? Abiru wa Rwanda walizihifadhi kanuni za ufalme vichwani mwao, kizazi baada ya kizazi. Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba wamewapata, nchini Tanzania, jamaa walio hai wa watu ambao mafuvu yao yalichukuliwa enzi za Wajerumani. Ikiwa mfupa umeupata ukoo wake, chombo kitashindwaje?

Lawama nyingine ni yetu walimu. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, nasi bado twawapa wanafunzi insha za safari wasizozisafiri. Mwanafunzi wa Bugeshi na amwulize bibi yake: inkongoro hii ilichongwa na nani? Ilikuja na arusi ya nani? Baada yake ilirithiwa na nani? Kisha aandike kwa Kiswahili fasaha, na majina ya Kinyarwanda ayaache kama yalivyo.

Tusipoliandika daftari hilo sisi, wataliandika wengine, na majina yetu hayatakuwamo.