Historia ya Wales Imo Mazizini

Mwanafunzi aulizwapo kuhusu majengo ya kale ya Wales, yamkini atataja ngome: Caernarfon, Conwy, Harlech na Beaumaris. Ndizo zijazazo kurasa za vitabu, na tangu mwaka wa 1986 zimo katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Mimi nashikilia kwamba mwalimu anayekomea hapo hajawafundisha wanafunzi wake historia ya watu wa Wales. Amewafundisha habari za Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza aliyewashinda watu hao, kisha akazijenga ngome hizo ili wasiinue vichwa tena.

Historia ya wenyeji imo katika nyumba za wakulima, maghala na mazizi ya mawe yaliyotapakaa milimani. Chukua mfano wa Cilewent, nyumba iliyotoka karibu na mji wa Rhayader. Asili yake ni mwaka wa 1470 hivi, na ikajengwa upya kwa mawe mwaka wa 1734. Humo, watu na ng'ombe waliishi chini ya paa moja. Katika nyumba ndefu za aina hiyo, watu walikaa upande wa juu wa mteremko na mifugo upande wa chini, ili uchafu utiririke mbali na meko. Theluji ilipoanguka, mkulima aliwalisha ng'ombe wake bila kutoka nje. Hakuna msanifu aliyechora ramani hiyo. Ilichorwa na baridi, mvua na uhaba wa mali.

Hata mawe yenyewe yana la kusema. Mkulima hakuwa na uwezo wa kuagiza mawe kutoka mbali, hivyo alijengea yale aliyoyaokota shambani au kuyachimba jirani. Kaskazini-magharibi, penye machimbo ya sleti, yaani mawe yapasukayo kuwa mabamba membamba, mapaa yaliezekwa kwa sleti hizo. Kuta nyingi zilipakwa chokaa ili kuikinga mvua. Mwanafunzi ajuaye kuusoma ukuta kama huo hujifunza jiografia, kilimo na uchumi kwa pamoja.

Huenda msomaji akauliza: mazizi yana thamani gani hata tuyapotezee wakati darasani? Jibu langu ni bonde la Tryweryn. Mwaka wa 1957, Bunge la London lilipitisha sheria ya kuuruhusu mji wa Liverpool kulizamisha bonde hilo ili ujipatie maji, ingawa hapana mbunge hata mmoja wa Wales aliyeiunga mkono. Kufikia mwaka wa 1965, kijiji cha Capel Celyn, ambacho watu wake walizungumza Kiwelisi, kilikuwa kimefunikwa na maji pamoja na shule, kanisa, posta na mashamba yake. Ni nani angethubutu kupendekeza ngome ya Conwy izamishwe? Nyumba za wakulima zilizama kwa wepesi kwa kuwa, machoni pa wakubwa, hazikuhesabiwa kuwa historia. Baraza la Liverpool liliomba radhi mwaka wa 2005, lakini radhi haikaushi bwawa.

Wapo waliouona ukweli huu mapema. Iorwerth Peate alikuwa mstari wa mbele kuanzisha jumba la makumbusho la St Fagans, karibu na Cardiff, lililofunguliwa mwaka wa 1948. Cilewent ilihamishiwa huko, jiwe kwa jiwe. Na si wasomi pekee. Karibu na Llanrhystud umesimama ukuta wa nyumba ya mawe iliyobomoka, ulioandikwa kwa rangi maneno ya Kiwelisi yenye maana ya "Kumbukeni Tryweryn". Sehemu yake ilipoangushwa mwaka wa 2019, watu wa kujitolea waliyapanga mawe upya.

Ndugu mwalimu, wahenga walituonya tusidharau dafu, embe ni tunda la msimu. Utakapoifunza Wales, zitaje ngome, lakini usiishie hapo. Waulize wanafunzi wako: jengo hili lilijengwa na nani, kwa mawe ya wapi, na ni nani aliyelala ndani yake? Taifa lisilojua kuyajibu maswali hayo kuhusu nyumba za wanyonge halitaona hasara siku zitakapozamishwa.