Utamu wa Lafudhi: Kipimo Kisichofaa katika Uhakiki

Miongoni mwa kauli ambazo uhakiki wa Kiswahili umezirithi bila kuzihoji ni ile isemayo kwamba Kiswahili cha Pwani ni kitamu, ilhali cha bara hukwaruza masikio. Makala haya yanadai kwamba kauli hiyo si ya kihakiki hata kidogo. Ni hukumu ya kijamii iliyovishwa joho la ujumi.

Tuchukue mfano wa Murera, baina ya Ruiru na Thika. Msemaji wa huko ambaye lugha yake ya kwanza ni Kigikuyu huenda akatamka "ndawa" badala ya "dawa", au akachanganya /r/ na /l/. Sababu zi wazi: katika Kigikuyu /d/ hutanguliwa na nazali, wala /l/ si fonimu inayotofautishwa na /r/. Hili ni suala la mfumo, si la ukali wa koo. Aidha, Kigikuyu kina irabu 7 na toni. Kiswahili sanifu kina irabu 5, na toni kimeipoteza. Lau utamu ungetokana na wingi wa irabu na upandaji na ushukaji wa sauti, Murera ingeishinda Mvita. Hakuna asemaye hivyo, kwa kuwa msikilizaji hapimi sauti, anampima msemaji.

Mwaka 1974 Howard Giles na wenzake walichapisha utafiti ambamo Waingereza wasiojua Kigiriki walisikilizishwa lafudhi ya Athens na ile ya Krete. Ya Athens ndiyo yenye hadhi miongoni mwa Wagiriki. Waingereza hao hawakuona tofauti yoyote ya maana katika uzuri wake. Asiyejua nani mkubwa na nani mdogo hausikii huo utamu.

Historia yetu yathibitisha hayo. Katika mkutano wa Mombasa wa 1928, Kiunguja kilikubaliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lahaja ya Muyaka bin Haji, kikawekwa kando. Je, kilichacha usiku mmoja? La hasha. Kilishindwa mkutanoni, hakikushindwa masikioni. Hata tofauti ya /t/ ya meno na /t/ ya ufizi, ambayo Mmvita huisikia waziwazi, haikupewa nafasi katika tahajia sanifu. Yastaajabisha, basi, kwamba wapo watetezi wa Kimvita wanaoilalamikia dhuluma hiyo, kisha wakamcheka mtu wa Murera.

Jukwaani mambo ni yale yale. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki 2015, alijulikana kote nchini Kenya kama Mzee Ojwang' wa Vitimbi, kwa lafudhi ya Kijaluo ilhali kwa asili hakuwa Mjaluo. Ustadi wake watuonyesha kwamba lafudhi ni vazi la mhusika. Swali la mhakiki ni hili: kwa nini vazi hilo aghalabu huvikwa mchekeshaji, na msomi akapewa usanifu? Mhakiki anayesifu "lugha tamu" bila kuuliza hayo anauidhinisha mgao huo wa hadhi.

Tutajibiwa kwamba "kura" na "kula" ni maneno mawili. Ni kweli, na mwalimu hana budi kusahihisha. Lakini hiyo ni hoja ya maana, si ya utamu. Mwanafunzi anayesahihishwa kwa ajili ya kueleweka atajifunza /l/. Anayechekwa kwa ajili ya masikio ya wengine atajifunza kunyamaza. Na fasihi isiyosemwa na walionyamazishwa ni fasihi pungufu.

Kila mtu ana haki ya kupenda lafudhi aipendayo, naye aseme, "Mimi naipenda." Mhakiki ana wajibu zaidi ya huo: aeleze sauti fulani inafanya kazi gani katika matini, kwa nani, na kwa manufaa ya nani. Akishindwa, neno "tamu" aliachie jikoni.