Mgeni Njoo, Mwenyeji Yupi Apone?

Mwezi wa Julai 2025 ulimwengu ulitazama picha za video zilizopigwa kaskazini mwa Serengeti: watalii wameteremka magarini, wamejipanga ukingoni mwa mto, na nyumbu waliokuja kuvuka wanababaika, hawajui pa kupitia. Kushuka garini mahali pasiporuhusiwa ni marufuku katika hifadhi ile. Sheria, basi, ilikuwapo. Msimamizi ndiye aliyekosekana. Hatua ziliahidiwa, na mjadala ukapoa kama uji.

Kila aingiaye kwa lango la Ndabaka, wilayani Bunda, kando ya barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma, huhesabiwa yeye, gari lake na malipo yake. Hiyo ni hesabu ya kiingilio. Akishapita, nani aandikaye kwamba magari ishirini yamemzonga duma mmoja hata akaacha windo lake? Mwanakijiji akionekana ndani na upinde au mzigo wa kuni, huyo nyayo zake hufuatwa. Naye tembo atokapo hifadhini akala shamba la mtu wa Bunda, Kanuni za mwaka 2011 zinampa mkulima “kifuta jasho”; na akiua mtu, wafiwa hupewa “kifuta machozi”. Mpenzi wa maneno na ayapime majina hayo. Aliyeyachagua alikuwa fundi wa lugha, kwani aliikwepa fidia: jasho limefutwa, mahindi hayakulipwa.

Wanaochukia mgeni kuwekewa mipaka huja na methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huongeza kwamba watalii kutoka nje walivuka milioni 2 mwaka 2024, na mwenye fedha habughudhiwi. Methali wameikata vipande. Wahenga hao hao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukarimu wa Mswahili haukuwa kamwe ukarimu wa mlango usio komeo. Na hoja ya fedha nayo haisimami. Huko Bwindi, Uganda, kundi moja la gorila hutembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku, kwa muda wa saa 1 tu, na wageni hulipa mamia ya dola wakashukuru. Uchache ndio uliopandisha bei.

Lawama yote hutupiwa dereva, naye ndiye mnyonge wa mkasa huu. Anaishi kwa bakhshishi. Mteja aliyesafiri nusu ya dunia anataka picha kwa karibu, na gari la jirani limekwisha sogea. Akisimama mbali kwa kutii sheria, jioni atalaumiwa. Kumwachia mtu huyo ulinzi wa mto ni kumpa paka ulinzi wa samaki, tena paka mwenye njaa.

Butiama, mwendo mfupi kutoka Bunda, amelala Mwalimu Nyerere, aliyewapa Waswahili Juliasi Kaizari. Mwaka 1961, katika Tamko la Arusha juu ya wanyamapori, alikubali kuwa viumbe hawa ni dhamana kwa ajili ya wajukuu. Husimuliwa pia kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hamu ya kwenda likizo kutazama mamba. Ndiyo maana ahadi yake ina uzito: haikutoka kwa mtu aliyelevywa na mandhari. Mwenye dhamana humwambia mnunuzi “hapana” hata pesa zikiwa mezani.

Watu wa visiwani wasicheke. Asubuhi za Kizimkazi mashua huwafukuza pomboo mpaka wanazama, na abiria hurushwa baharini juu ya migongo yao. Ni mkasa ule ule, uliovikwa maji ya chumvi.

Nyumbu watarudi Grumeti kati ya Mei na Julai, kama ada yao. Kabla ya hapo idadi ya magari yanayoruhusiwa kwenye kila kivuko inaweza kuandikwa, kwa Kiswahili, ikabandikwa Ndabaka na Kogatende dereva aisome; na askari mmoja akawekwa kila kivuko, mwenye kalamu, daftari na idhini ya kulirudisha gari langoni.